Rozalia wa Pili

Jumatano, 6 Agosti 2025

Imekuwa yangu! Tangu saa kumi jioni. Boti ya tanga, mita kumi na mbili, mlingoti mrefu kuliko mnara wa kanisa, vitanda vinne, jiko la gesi, choo cha kupampu kwa mkono. Injini imekufa, lakini upepo ni bure. Mwenyewe, Mzungu mmoja aliyemaliza mkataba, alitaka gari la kuzungukia nchi kabla ya kwenda kwao. Nikampa Noah yetu. Rozalia nitamweleza kwa awamu.

Sababu ni moja tu, naiandika hapa nisije nikasingiziwa: nataka mke wangu akae tena kwenye boti na mimi. Mwaka wa pili huu hataki hata kuisogelea. Ile ndogo yetu ya mita nne ilipinduka pale Shangani, hapa Mtwara, walimu wenzangu wote wanatazama, na wigi la Rozalia likaenda na mkondo. Tatizo ni udogo. Upepo unaichezea. Mita kumi na mbili hazichezewi.

Ile ndogo nimempa jirani yetu Mauricio ili anifundishe hii kubwa. Kwao ni Kilambo, babu yake alivuka kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na mwenyewe anajiona alizaliwa kashika usukani. Mimi nimefundisha jiografia miaka kumi na sita. Pepo zote nazijua kwa majina na kwa mishale. Nikamwambia siku mbili zinatosha. Alicheka sana, sijui kwa nini.

Alhamisi, 7 Agosti

Rozalia amejua. Awamu zote kwa mkupuo! Katoka zamu hospitali, kakuta mahali gari linapolala pana nanga. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Akauliza tu Jumapili tutafikaje Msimbati. Mdogo wake Witness, mwalimu wa kule, anabatiza mtoto wake. Rozalia ndiye mama wa ubatizo, na gauni jeupe la mtoto analo yeye. Padre anafika kigangoni saa saba mchana.

Nikajibu papo hapo: kwa bahari! Alitazama nanga, akanitazama mimi. Kisha akasema sawa, Baba Neema, ila ukinichelewesha sitapanda tena chombo chako mpaka nazikwa.

Kasema sawa! Nikakimbilia rangi. Ile ndogo inaitwa Rozalia, kwa hiyo hii nimeiandika kwa herufi nyekundu, kubwa: ROZALIA WA PILI. Mke wangu akaja kuona. Akasoma taratibu. Akauliza, kwa upole, huyo wa pili ni nani na anakaa mtaa gani. Nimemweleza nusu saa nzima. Nadhani ameelewa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna shule. Somo la kwanza. Upepo wa asubuhi ulikuwa mdogo, tukatweka matanga yote mawili, tukangoja. Hakuna kitu. Tumesimama kama jengo la serikali. Anabela, mke wa Mauricio, akatupita na ile ndogo yangu akienda Msangamkuu kununua samaki. Akarudi na samaki. Akatupita tena, akatusalimia.

Mauricio akanieleza kwamba boti kubwa ni nzito, upepo wa kutikisa pazia hauhusiki nayo. Nikamwambia hilo nilikuwa nalijua.

Saa tano kusi, upepo wa kusini, ikaamka. Mama yangu! Boti ikalala ubavu. Sahani zikahama kabati. Nililala kifudifudi nikashika kila kilichoshikika, pamoja na mguu wa Mauricio. Akasema nitulie, chini kuna mkuku wa chuma, mzito, unaivuta isipinduke. Italala mpaka hapa, halafu itagoma. Kweli ikagoma! Ikatulia pale pale na kukata maji, vuuu, bila wasiwasi. Nilitoa machozi kidogo. Kwa mawazo nilimwona Rozalia amekaa pale na miwani yake ya jua.

Akasema pia kwamba upepo ukitoka tezi mambo yanakuwa laini. Nikamkatiza: mambo ya tezi tumwachie daktari, mimi bado sijafika hamsini. Kumbe tezi ni upande wa nyuma wa chombo. Angesema nyuma.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku mbaya, na kosa ni la lugha.

Tulikuwa tunakwenda vizuri, mimi usukani, mikoko ya Msangamkuu iko mbele. Mauricio akasema, Mwalimu, bisha. Nikashangaa. Nibishe nini, sijaambiwa kitu. Nikajibu mimi sibishi. Akapaza sauti: bisha, Mwalimu, bisha sasa hivi! Nikaona kumbe anataka mdahalo. Haya. Nikaachia usukani nipate mikono yote miwili, nikaanza kumthibitishia kwa hoja tatu kwamba kusi ya leo ilikuwa imechelewa. Kwenye hoja ya pili tulikuwa ndani ya mikoko. Kaa mmoja alipanda mpaka jikoni.

Kumbe huku pwani kubisha ni kugeuza chombo, upepo uhamie upande wa pili! Ukitaka kwenda upepo unakotoka huendi moja kwa moja, unakwenda mshazari, unabisha, unakwenda mshazari tena. Kwetu Makete kubisha ni kubisha. Mauricio anasema amezeeka baharini na hajawahi kuona mtu anaambiwa abishe akabisha. Nikamjibu Kiswahili ni cha taifa zima.

Akaniachia maonyo mawili. Kwanza, boti hii niibishe ikiwa na mwendo, la sivyo itasimama na kuutazama upepo. Pili, kesho ni bamvua, maji yatatoka mbali sana, na mkuku wangu unakwenda chini mita mbili. Nikifika Msimbati saa tano, nitie nanga nje, wanifuate kwa kidau. Nikamwambia maji kupwa na maji kujaa nayafundisha kidato cha pili. Akajitolea kuja nasi. Nikakataa kwa adabu. Mtu na mkewe hawahitaji mtazamaji.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa juu ya ukuta, kwa sababu ukuta ndio sakafu.

Alfajiri Rozalia alipanda! Kitenge kipya, wigi limefungwa kwa mtandio, gauni la mtoto ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Sikuamini macho yangu. Saa nzima hatukusogea, tukanywa chai. Kisha upepo ukaja, nikanguruma kinahodha: Bisha! Rozalia akajibu kwamba hajabisha tangu tufunge ndoa, na hilo si kweli.

Mara ya tatu kubisha, mwendo haukutosha. Boti ikasimama, ikautazama upepo, matanga yakapigapiga, tukaenda kinyumenyume kuelekea nyumbani. Rozalia alisali rozari kwa sauti. Lakini baada ya hapo kusi ilikolea, boti ikalala pale inapopenda, ikagoma, ikakimbia. Akafumbua jicho moja. Akasema, na nanukuu: kumbe haipinduki. Sijasikia neno tamu hivyo miaka miwili!

Saa tano tukaiona Msimbati. Wakwe wote ufukweni, Witness kabeba mtoto, anapunga mkono. Nitie nanga nje? Mbele ya wakwe? Nisubiri kidau kama gunia la korosho? Nikaingia na matanga yote mawili.

Tukapwelewa, mkuku ukakwama mchangani. Hakikuwa kishindo, ilikuwa kama mtu mzima anakaa kitandani. Maji yakazidi kuondoka, boti ikalala taratibu juu ya fungu la mchanga, na sisi tukalala nayo. Safari hii haikugoma. Kati yetu na wakwe kulikuwa na mkondo mpana, wa kina. Rozalia akatazama saa. Akashika tu lile gauni.

Saa sita na nusu nikaona tanga dogo. Mauricio na Anabela, waalikwa, waliotoka Mtwara saa tatu asubuhi, sisi tumetoka alfajiri! Wakapita juu ya fungu mahali maji yanafika gotini. Rozalia akashuka, akaingia kwenye ile ndogo, akaketi chini kabisa, gauni mapajani. Hakugeuka. Iliniuma, nasema kweli.

Saa saba na robo nikasikia vigelegele. Kwa hiyo amewahi. Mtoto alikuwa aitwe Gaudensi, jina langu. Witness kaja ukingoni mwa mkondo, kanipigia kelele kwamba wamembadilisha, ataitwa Innocent.

Jumatatu, 11 Agosti

Maji yalininyanyua jana jioni. Leo alfajiri Mauricio alirudi kwa bodaboda kunisaidia kuirudisha boti. Njia nzima upepo ulitoka tezi, na kweli mambo yalikuwa laini, lakini sikumwambia.

Nyumbani Rozalia alinimiminia chai. Nilitegemea maneno. Badala yake akaanza mwenyewe, taratibu, kwamba jana walirudi na ile ndogo, na alikaa karibu na maji mpaka akatia mkono baharini, na alifurahi. Akasema ile boti haikuwahi kuwa na kosa. Aliyesimama kumpigia saluti mkuu wa shule hadi ikapinduka ni mimi. Akasema ingekuwa bado yetu, angekwenda na mimi kila Jumapili, sisi wawili tu, bila haraka. Kisha akachukua mkoba, akaenda kazini kwa miguu.

Maneno hayo yaliniingia. Nimekaa nayo asubuhi nzima, chai imepoa. Nilitaka hata kwenda kwa Mauricio kupiga goti.

Halafu nikaelewa! Nimeishi na mwanamke huyu miaka kumi na tisa, najua hasemi jambo wazi. Anataka kukaa karibu na maji. Boti inayolala ubavu humweka mtu mmoja juu na mwingine chini, ndiyo maana hatukai pamoja! Tunachohitaji ni boti ya matumbo mawili, isiyolala kabisa. Iko moja Pemba, ile ya Msumbiji, mita kumi na tano. Nimeshampigia mwenyewe. Hataki gari. Anatafuta nyumba Mtwara, iwe huku kwetu Ufukoni, tayari kuhamia.

Yetu ina vyumba vitatu. Ile boti ina vinne.