Vita vya Daktari na D ya Kemia

Hakuwa na upanga, wala ngao, wala farasi wa kumtimulia vumbi. Hakuwa na jeshi, hakuwa na mpiga baragumu, hakuwa na haya, na tangu asubuhi ile matokeo yalipobandikwa ukutani, hakuwa tena na Kemia. Sogeeni basi, enyi mnaopenda habari za mashujaa, ketini vizuri na mnyamaze, msikie jinsi binti wa fundi cherehani, aliyeitwa Daktari kabla hajaukanyaga mlango wa chuo, alivyopigana na neno moja.

Maana chuo cha udaktari kilikuwa kimempokea mapema, katikati ya mwaka wake wa mwisho wa shule, kwa alama za miaka iliyotangulia. Barua yao ilikuwa na sharti, limeandikwa chini kwa herufi ndogo: asiteremke alama. Lakini Daktari, mwenye macho makali ya kuona ushindi, hakusoma chini. Siku hiyohiyo aliliaga koti lake la maabara, akawa analala hadi jua linaona aibu kuingia dirishani, na akiamka huwashauri majirani kuhusu presha zao. Jirani mmoja mwenye mguu uliovimba aliambiwa apunguze mawazo.

Kisha ikaja D. Na nyuma ya D ikaja barua ya pili kutoka chuoni, fupi, isiyo na pongezi: aeleze kwa maandishi kilichotokea, la sivyo nafasi yake atapewa mwingine.

Hapo ndipo nyumba ya fundi ilipoingia vitani. Uwanja wa mapambano ulikuwa meza ya kukatia nguo, baina ya mkasi na chaki. Shujaa akavuta kiti, akaishika kalamu kama mkuki, akaandika: Alama yangu ya Kemia ilishuka. Kisha akapumzika, kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa.

Bibi yake, mama wa fundi, aliyekuwa akifumua pindo lililoshonwa upande, akaomba asomewe.

"Ilishuka yenyewe?" akauliza. "Ina miguu?"

"Ndivyo watu wanavyoandika, Bibi."

"Watu gani?"

Fundi, jemadari wa nyuzi na vifungo, akalizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja na kutoa hotuba. Alinena kwamba ukoo wake haujapata kuzaa mjinga, kwamba mwalimu wa Kemia ana kinyongo tangu suruali aliyomshonea imbane, na kwamba neno la haki, neno lenye heshima, ni ilishushwa. Shujaa akafurahi mno. Akakata, akaandika, na kwa silabi hiyo moja mzigo wote ukamhamia mwalimu.

"Na chuo wakimuuliza huyo mwalimu?" akasema bibi.

Wote walijua mwalimu atakachojibu: kwamba yeye anamfahamu Daktari kwa jina tu, maana kiti chake cha maabara kilikuwa kikikaliwa na mikoba ya wenzake. Fundi hakusalimu amri. Akapendekeza waandike kwamba nyumba ilipatwa na msiba mzito, wa bibi mzaa baba.

"Unaniua, mwanangu, na pindo lako nimelishika mkononi?" akasema mama yake. "Tena kwa D. Ingekuwa A ningekufa bila kinyongo."

Halafu akamgeukia binti. "Mjukuu wangu, unautaka udaktari, au unalitaka jina?"

Daktari alikumbuka kwamba aliwahi kuipenda Kemia, zamani, alipokuwa bado anaitwa kwa jina lake. Akachukua karatasi safi, akaandika: Alama hii niliishusha mwenyewe. Mliponipokea, niliacha kusoma. Naomba nirudie mtihani.

"Umejimaliza," akasema fundi.

"Ndiyo, baba."

Basi na iandikwe katika tarehe za mataifa, na watoto wa watoto wasimuliwe, kwamba binti mwenye afya njema na akili timamu, baada ya miaka yote ile darasani, alikiweka kitenzi kimoja katika nafsi yake ya kwanza, jambo ambalo mtoto wa chekechea hulifanya kila anapomwaga maziwa. Akailamba bahasha, akaibana kwa pasi ya baba yake iliyokuwa bado ya moto, akaenda nayo posta kwa miguu, akaitumbukiza sandukuni. Ikaanguka ndani bila mshindo.