Mdhamini wa Kaliza

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kaliza amepata kazi. Finland. Kwenye nyumba ya wazee, mji unaitwa Oulu, huko karibu na mwisho wa dunia. Nimeandika hilo kwanza, mengine baadaye.

Alipiga simu mchana kutoka hukohuko aliko. Akasema, "Mama, kwenye usaili wamenipenda," na mimi sikungoja zaidi. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikakata simu, nikatoka nje. Mtaa wetu wote wa Batsinda ulijua kabla ya chai ya jioni. Nilianza na Raihana, mshonaji wa mlango wa pili, kwa sababu mwanawe yuko Dubai na habari za Dubai haziishi masikioni mwetu. Nikamwambia Dubai ni jua tu. Finland ni serikali. Akatoa pini mdomoni, akasema alhamdulillah, sasa anaanza lini? Nikasema wanambembeleza aanze hata kesho.

Nimekula peke yangu. Ndizi zimebaki nyingi. Mkono wangu bado unapika za watu wawili, haujasikia kwamba mtu alisafiri.

Jumanne, 4 Novemba

Kaliza kapiga tena. Ana hasira, lakini hasira zake za upole. Kumbe sikumwacha amalize. Kupendwa si kuajiriwa. Mkubwa wa ile nyumba, mama mmoja jina lake Marja, lazima kwanza aongee na wadhamini wawili, watu waliomsimamia kazini, awaulize tabia yake. Wa kwanza yupo, daktari wa zahanati ya Kabuga. Wa pili ni yule mwenye karakana ya Gisozi aliyemwajiri Kaliza kuuza makabati yake. Huyo amehamia Zambia, simu haishiki. Na kibali cha kukaa Finland kinaisha mwisho wa mwaka. Bila kazi, anarudi nyumbani.

Nilikaa kidogo na hilo neno, anarudi. Halafu nikalifukuza.

Nikamwambia mdhamini yupo. Bibi yake alipolala kitandani miaka yote ile, nani alimwogesha, akamgeuza, akamlisha uji? Kaliza. Na msimamizi alikuwa nani? Mimi. Akasema hapana, mama, mzazi hawezi kuwa mdhamini. Nikamuuliza nani atajua. Yeye Ihirwe, mimi Mukeshimana. Kwetu kila mtu na jina lake, hatugawani jina kama blanketi. Wazungu wakiona majina mawili wanaona watu baki. Mwisho akasema sawa, lakini akikuuliza mnahusianaje, sema ukweli. Nikaahidi. Akiuliza.

Jumatano, 5 Novemba

Maandalizi. Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo nimemkodi Eddie, fundi wa kuchomelea vyuma, nyumba ya juu yetu. Amekulia Kampala, Kiingereza anacho. Malipo ni chapati. Amekula mbele yangu, nami nimefurahi kusikia mtu anatafuna ndani ya nyumba hii.

Raihana kapita bila kuitwa. Kasema nipunguze sifa, wazungu wakisikia sifa nyingi wanashuku. Nikamuuliza muuza nyanya gani huweka nzuri chini na mbovu juu. Akaomba chumvi, akaenda.

Leo nimefua shuka za kitanda cha Kaliza. Ni vumbi tu. Zilikuwa na vumbi.

Alhamisi, 6 Novemba

Marja amepiga. Nilivaa kitenge kizuri ingawa haonekani. Sauti yake ndogo, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Eddie katikati, simu mezani.

Hakuuliza mnahusianaje. Namshukuru Mungu.

Akauliza Kaliza ni mfanyakazi wa namna gani. Nikafungua mlango wote. Nikasema huyo alikuwa anaamka kabla ya jogoo na kulala wa mwisho. Hakuchukua likizo hata siku moja. Jumapili alikuwa kazini. Aliugua malaria akafanya kazi na malaria yake. Hali chakula mpaka mgonjwa ale kwanza. Eddie akatafsiri, kule kukawa kimya. Nikaona sifa zinaingia.

Akauliza alikuwa anapumzika saa ngapi. Nikasema kupumzika ni kwa wavivu. Akauliza akitofautiana na mimi inakuwaje. Nikasema haiwezekani, nikimwambia kaa anakaa. Akauliza, polepole sana, kama alikuwa analipwa. Nikacheka. Alipwe na nani?

Eddie aliweka chapati chini.

Mwisho akauliza mapungufu yake. Nikasema hana. Nikafikiri, nikasema lipo moja, aliondoka. Hilo Eddie hakulitafsiri.

Simu ilipokatika nikamuuliza nimeshinda vipi. Akajikuna kichwa. Akasema, "Mama Kaliza, huyu mama anadhani ulikuwa umemfuga mtoto wa watu."

Ijumaa, 7 Novemba

Ni kweli. Marja alimwita Kaliza ofisini, akafunga mlango, akamwekea kahawa, akamwambia asiogope. Hapa uko salama. Yule mwanamke wa Batsinda hawezi kukufanya kitu. Akampa namba za watu wanaosaidia wafanyakazi waliotumikishwa.

Ikabidi mtoto aseme, yule mwanamke ni mama yangu.

Marja akasema atafikiri, atajibu wiki ijayo. Watu wa kule wakisema watafikiri, Kaliza anasema, wanafikiri kweli.

Nilimwambia nisamehe, mwanangu, kisha nikamweleza kwamba kosa ni la Eddie, Kiingereza cha Kampala kina ukali. Hakucheka. Akaanza kulia, na mimi sikuwa na mkono wa kufika huko. Akaniambia kule jirani husubiri nyuma ya mlango mpaka korido iwe tupu ndipo atoke. Kwenye basi kila mtu na kiti chake. Mimi nilikuwa nimemshauri ampelekee jirani sambusa, awe na mtu wa kusalimiana. Alipeleka. Jirani alishukuru sana, na kesho yake sahani ilikuwa mlangoni, imeoshwa, inang'aa, haina kitu. Sahani kurudi tupu! Kwetu hata adui anaweka maharage.

Nikamwambia vumilia. Nikamwambia hapa kwetu nyumba imejaa watu muda wote, hata sisikii vizuri. Redio ilikuwa imewashwa.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani mchungaji alisema kila mtu amweleze Mungu haja yake kimyakimya. Nikafumba macho. Haja zikawa mbili, zinapigana. Nikamwambia Mungu achague mwenyewe. Halafu nikaanza kumwelekeza.

Jioni nilikwenda kwa Raihana kupimwa gauni la sherehe. Washonaji wengine hupima mwili, huyu anapima na moyo. Kanizungushia utepe kiunoni, akauacha hapohapo. Akasema, "Dada yangu, sisi ni watu wazima. Wewe unataka apate, au unataka arudi?"

Nikamwambia aangalie mikono ya gauni, mara ya mwisho ilinibana.

Hakuuliza tena. Alinipa chai na akakaa nami mpaka ikapoa. Dubai hakuitaja hata mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza.

Jumanne, 11 Novemba

Amepata. Safari hii nilimwacha amalize, nikashika mdomo kwa mkono.

Marja alimwambia amweleze habari za bibi. Kaliza akaeleza yote, jinsi ya kumgeuza mtu bila kumuumiza mgongo, jinsi ya kumlisha aliyekataa kula, na kwamba bibi alifia mikononi mwake akiwa msafi. Marja akasema basi, inatosha. Ila kaweka sharti: apumzike. Kazi ikisema mapumziko, akae chini, anywe kahawa, asiguse kitu. Atamchunga kwa hilo.

Kibali kitaongezwa. Krismasi haji, mfanyakazi mgeni ndiye hubaki zamu za sikukuu. Labda Julai. Alisema labda.

Nilipiga vigelegele barabarani. Raihana akatoka na utepe shingoni, akanishika, tukazunguka kama wasichana. Watoto wakatucheka. Wanawake wa mudugudu wetu, nyumba zote za jirani, wakaja, wakanikumbatia mmoja mmoja, halafu kila mmoja akaenda kwake kupika.

Nimekunja zile shuka, nimezirudisha kabatini.

Ni mtoto wangu huyo. Nani mwingine Batsinda ana mtoto ambaye wazungu wanamlazimisha kupumzika?

Alhamisi, 13 Novemba

Nimefikiri vizuri, kama watu wa Finland.

Sherehe ya shukrani lazima ifanyike, na shukrani bila mwenyewe aliyepata ni chakula cha bure. Kwa hiyo nimewaambia watu kwamba Kaliza atakuwepo. Nimewaambia pia kwamba amefanywa mkubwa wa wazee wote wa Oulu, na Marja ni msaidizi wake. Raihana aliangalia juu, akasema gauni litakuwa tayari.

Kaliza hajui bado kwamba anakuja. Si neno. Kesho Eddie atampigia Marja amwombee ruhusa ya siku chache. Marja ameshaijua sauti ya mama wa Kaliza, hivyo mimi nitakuwa shangazi wa Kabuga, mgonjwa, lakini mwenye maneno mazuri. Nitamweleza kwamba msichana akikaa na watu wake kidogo atarudi afanye kazi mchana na usiku bila kusimama. Eddie amekataa. Nimeanza kukanda unga wa chapati.

Viti nimeazima, na kimoja nimekiweka mbele, kina kitambaa. Watu wote wanakuja Jumapili tarehe 23, baada ya ibada.