Ngiri Yangu na Foleni ya Mwalimu Method

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nina ngiri! Si yule mnyama anayechimba viazi vya watu kule Robanda. Huu ni uvimbe kinenani, kama yai la kuku. Umetokea baada ya kunyanyua injini ya pikipiki peke yangu dukani kwangu kwa vipuri, ili Wangwe wa duka la jirani aone. Aliona.

Daktari wa zamu hospitalini kasema huenda nikapasuliwa, huenda nisipasuliwe. Ataamua daktari bingwa, ambaye huja mara moja kwa mwezi. Anakuja Alhamisi hii. Kabla ya hapo lazima niwe na majibu ya damu na ya ultrasaundi. Damu nimetolewa leo, baada ya kukaa foleni nikiwa namba arobaini na moja.

Namba moja alikuwa Mwalimu Method, mstaafu wa Issenye, aliyefikia kwa binti yake hapa Nkende. Naye ana ngiri. Karatasi zake ziko kwenye faili la plastiki, zimepangwa kwa tarehe. Sijampenda.

Mke wangu Rhobi kanishauri niwahi kuamka. Kuwahi! Hiyo ni kazi ya watu wasio na mbinu.

Jumanne, 9 Septemba

Mbinu: kuwa mahututi. Fimbo ya marehemu baba, shuka begani, uso wa uchungu niliofanyia mazoezi kwenye kioo. Nikaingia nikilia kwamba nakufa. Foleni nzima ikanipisha. Raha iliyoje!

Nesi Agness akaja mbio na kiti cha magurudumu. Akanisukuma. Tukaukaribia mlango wa ultrasaundi. Tukaupita! Nikamwambia, "Sista, ni hapo." Akajibu kwamba mgonjwa wa dharura anapelekwa dharura.

Nikalazwa. Nikakatazwa kula na kunywa, eti huenda nikapasuliwa leo leo. Nikasema maumivu yameisha. Akasema hiyo ndiyo dalili mbaya zaidi.

Daktari alifika saa tisa alasiri. Akabonyeza mara mbili, akauliza fimbo ni ya mguu upi. Nikasema yote miwili. Akaniambia niende nyumbani.

Ultrasaundi imefungwa. Mwalimu Method alikuwa getini, kipimo chake tayari, akanipa pole. Sikuijibu.

Jumatano, 10 Septemba

Mtaalamu wa ultrasaundi, dada mmoja anaitwa Nice, anataka kibofu kiwe kimejaa. Vizuri. Nimekunywa lita tatu nyumbani kabla ya kutoka, ili niwashinde wote kwa maandalizi.

Namba ishirini na nane.

Walipofika kumi na tatu sikuweza kukaa. Kumi na saba, sikuweza kusimama. Mwalimu Method, aliyekuja kuchukua majibu yake ya damu, akanieleza kwa upole kwamba huwa watu wanaanza kunywa wakibaki watano mbele yao. Sasa ndiyo ananiambia! Nikakimbia chooni. Niliporudi, jina langu lilikuwa limeshaitwa mara tatu.

Nimekunywa upya, nikawa wa mwisho. Lakini nimepimwa! Majibu ninayo mkononi. Kesho hakuna wa kunizuia.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefika saa kumi na mbili asubuhi. Mbele yangu watu tisa. Mwalimu Method namba moja, faili magotini.

Nikawazushia kwamba nimesikia daktari bingwa leo atakaa jengo jipya, nyuma ya maabara. Wakanyanyuka wote. Mwalimu akanishukuru kwa dhati. Nikabaki peke yangu mlangoni, namba moja. Nikajinyoosha kwenye benchi kama chifu.

Saa moja. Saa tatu. Saa nne, mfagiaji akaniuliza ninamsubiri nani. Nikamwambia. Akasema daktari yuko jengo jipya, nyuma ya maabara, tangu saa mbili.

Nilikimbia na ngiri yangu. Nikakuta umati. Nikajua basi, mpaka mwezi ujao, na yai litakuwa la bata. Nikasikia naitwa, "Gidion! Huku!" Ni Mwalimu. Hakuwa ameingia. Alikuwa amewapisha watu mmoja mmoja akisema hawezi kumtangulia aliyewaelekeza.

Nilisema shikamoo. Ya kwanza wiki nzima.

Daktari kasema mimi nisubiri. Nisinyanyue vitu vizito, nirudi Desemba. Mwalimu atapasuliwa Jumatatu.

Alipotoka, alikaa kando yangu benchini. Akaniambia mkewe, Agustina, aliingia chumba cha upasuaji miaka kumi na miwili iliyopita, na yeye akarudi Issenye peke yake. Tangu aambiwe ana ngiri hapati usingizi. Ndiyo maana anafika wa kwanza kila siku. Anaona heri benchi la hospitali, kuna watu.

Nikambebea faili mpaka barabarani. Nikamwambia Jumatatu nitakuwepo.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimekuwepo. Mimi na binti yake, Winfrida, kwenye benchi, tangu saa mbili. Sikupanga lolote. Sikujua kusubiri kunachosha hivi mtu asipokuwa na hila.

Saa sita wakamtoa. Salama! Akafungua jicho moja, akauliza kama namba yake imeshaitwa. Winfrida alicheka huku analia. Mimi vumbi liliniingia machoni.

Jumanne, 16 Septemba

Nimepeleka uji. Mlinzi kakataa: muda wa kuona wagonjwa ni saa kumi jioni. Ilikuwa saa nne, na uji ukipoa ni gundi.

Nikaenda kwa Deus muuza nyama, nikaazima koti lake jeupe. Lina doa moja tu. Mlinzi kanipigia saluti! Nimepita wodi nzima kichwa juu, chupa ya uji kwapani. Kitanda cha tatu, mama mmoja akanishika mkono, akaniomba nimwangalie mumewe. Nikamtazama kwa makini. Nikasema anaendelea vizuri. Mgonjwa akasema, "Huyu ananiuzia cheni za pikipiki."

Nesi Agness alikuwa nyuma yangu.

Nimetolewa na walinzi wawili. Uji nesi aliufikisha, mimi sikufika. Lakini kosa nimeliona mara moja: koti peke yake halitoshi. Felix wa duka la dawa ana kile kifaa cha kusikilizia moyo. Kesho nakivaa shingoni.