Mpangaji Aliyekatazwa Kuhama

Mwezi wa nne mwaka 1953, Ofisi ya Maji ya mji wetu wa Tabora iligundua jambo ambalo serikali zote za ulimwengu zilikuwa hazijaligundua: kwamba watu huhama, lakini nyumba hazihami. Ugunduzi huo ulitangazwa kwa Waraka Namba Saba, uliobandikwa sokoni, stesheni, na kwenye mlango wa choo cha ofisi, mahali ambapo nyaraka husomwa kwa utulivu zaidi. Waraka ulisema:

"Kuanzia leo hakuna mpangaji aliyehama mpaka Ofisi hii ikubali kwamba amehama."

Mimi ndiye niliyeutafsiri kwa Kiswahili. Jina langu ni Tobias, karani mkuu. Nilikuwa nimefika kutoka Dodoma miezi mitatu nyuma, na mkuu wetu, Bwana Ludlow, alinitangulia kwa mwezi mmoja tu. Kwa hiyo hatukuwa na upendeleo wala kumbukumbu.

Waraka ulitungwa kwa sababu nzuri. Wapangaji walikuwa na tabia ya kupanda gari moshi kwenda Urambo au Kaliua wakiacha bili ya maji nyuma. Kumfuata mtu mpaka Kaliua kunahitaji nauli, na Ofisi haikuwa na fungu la nauli. Mwenye nyumba, kwa upande wake, yupo palepale, anajulikana, na mara nyingi ni mzee asiyeweza kukimbia.

Wa kwanza kunufaika na utaratibu huo alikuwa Bi Batuli, mjane wa mtaa wa Ng'ambo. Alirithi kwa marehemu mumewe nyumba ya vyumba vinne na bomba moja uani, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyomlisha. Faili namba 114 lilionyesha kuwa mpangaji wake aitwaye Anselm alitumia maji ya shilingi mia tatu na kumi, kiasi kinachotosha kuogesha kikosi cha askari na farasi wao. Tukamtuma Saidi, fundi wetu wa mabomba, akalikata lile bomba mpaka mwenye nyumba alipe.

Kesho yake Bi Batuli alikuja dirishani kwangu, kanga mbili, miwani imefungwa kwa uzi.

"Mwanangu, huyo Anselm aliondoka mwaka juzi. Yuko Kaliua."

"Kwa mujibu wa Waraka, Bibi, yuko kwako."

"Kwangu wapi?"

Nikatazama faili. "Chumba cha uani."

"Chumba cha uani nafuga kuku."

"Basi anaishi na kuku. Ofisi haiingilii maisha ya ndani ya wapangaji."

"Lakini wewe unajua Anselm alikuwa nani? Huyo Anselm alikuwa—"

Nikainua mkono. Fomu Namba Tisa ina nafasi ya jina, namba na kiasi. Haina nafasi ya kueleza mtu alikuwa nani.

"Hutaki kujua?"

"Maelezo ya mdomo hayapokelewi."

"Na ya maandishi?"

"Yakiwa na mhuri."

Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayechagua samaki. Kisha akatabasamu.

"Basi niandikie wewe, mwanangu. Niandikie kwamba Anselm hajahama, yupo kwangu mpaka leo. Unipigie na mhuri."

Nilimwandikia kwa furaha. Ni mara chache mwananchi anaomba kuandikiwa msimamo wa serikali dhidi yake mwenyewe.

Sitaki kuficha kwamba utekelezaji ulikuwa na usumbufu mdogo. Wapangaji wawili walihama kwa kukosa maji, ingawa kisheria bado walikuwapo. Alibaki Josepha, muuguzi wa hospitali, mwenye kichanga cha mwezi mmoja na nepi za kufua kila siku. Asubuhi moja nilimwona Bi Batuli akitoka kisimani na debe kichwani. Alikuwa na miaka sitini na moja. Alisimama mara tatu kabla ya kufika kwenye kona, na mara ya tatu alilitua debe akakaa chini barabarani. Nilihisi kitu kifuani. Nikadhani ni maharage.

Wiki iliyofuata alirudi dirishani.

"Kama mpangaji wangu hajahama, kodi yake ya chumba je? Inaendelea?"

Nikampelekea Bwana Ludlow swali hilo. Alitafuna kiko chake, akasema kwamba bila shaka inaendelea. Ila huyo bibi adai kwa mpangaji wake, si kwetu. Nikaandika: "Mpangaji anadaiwa kodi ya chumba kwa miezi yote ambayo Ofisi inathibitisha kuwa hajahama." Mhuri.

Wiki ya tatu alikuja tena, safari hii na bakuli la visheti. Sikuvila mpaka alipoondoka, ili kulinda heshima ya Ofisi.

"Jambo moja la mwisho, karani. Kama huyo mpangaji alikuwa ametumwa na tajiri wake aliyemwajiri, huyo tajiri atapona?"

Bwana Ludlow alifurahi sana. Tangu afike Tabora, alisema, huyu ndiye mwenye nyumba wa kwanza kuisaidia serikali kufikiri. Akaniamuru niandike kwamba tajiri wa mpangaji anadaiwa sawasawa na mpangaji mwenyewe, na atakatiwa maji popote atakapopatikana.

"Ongeza 'bila kujali cheo chake'," alisema Bi Batuli nilipomsomea.

Nikaongeza, nikapiga mhuri. Ilisomeka vizuri. Bwana Ludlow akapeleka nakala Dar es Salaam, na Dar es Salaam wakajibu kwa pongezi: amri hiyo sasa itumike katika miji yote, na isibadilishwe neno bila idhini yao.

Kilichobaki kilikuwa kumfanya Bi Batuli fundisho kwa wengine. Tukamshtaki kwa Liwali. Siku ya kesi Ng'ambo nzima ilihamia barazani. Bwana Ludlow alikuja mwenyewe na kukaa mbele, kwenye kiti tulichokibeba kutoka ofisini.

Nilisoma mashtaka kwa sauti niliyoifanyia mazoezi. Liwali, mzee mwenye subira, akamgeukia mshtakiwa.

"Bi Batuli, una shahidi?"

"Ninaye. Mpangaji wangu."

Kutoka nyuma akajitokeza mwanamume mnene mwenye kofia ya reli. Alikuwa ameshuka garini alfajiri.

"Wewe ndiye Anselm?"

"Ndimi, Liwali."

"Unaishi wapi?"

"Mimi nilidhani naishi Kaliua na mke wangu. Nilipoonyeshwa barua ya Ofisi nikajua nimekosea."

Watu wakacheka. Nikawakemea kwa macho.

"Kwa Bi Batuli ulipanga ili ufanye nini?"

"Kutunza stoo."

"Stoo ya nani?"

"Ya Ofisi ya Maji, Liwali. Wakati ule nilikuwa mtumishi wao. Mita mpya zilikuwa zikipimwa pale uani kabla ya kufungwa kwenye nyumba za watu. Tunapitisha maji, yanamwagika, tunaandika. Tunapitisha tena, yanamwagika, tunaandika. Miezi kumi na minne."

"Mbona faili la Ofisi lina jina lako?"

"Bwana wa wakati ule alikuwa likizo Ulaya. Niliambiwa niutie sahihi mkataba wa chumba kwa niaba ya Ofisi."

Bi Batuli akatoa mkataba kwenye pindo la kanga. Chini ya sahihi kulikuwa na mhuri. Niliutambua mara moja. Ndio ule ule niliokuwa nao mfukoni.

"Siku zote hizi kwa nini hukusema?" Liwali alimuuliza Bi Batuli.

"Nilitaka kusema. Huyu karani akaniambia maneno ya mdomo hayapokelewi."

Liwali alizisoma barua zangu tatu, moja baada ya nyingine, polepole. Kisha akavua miwani.

"Baraza hili halina uwezo wa kumwamrisha Bwana," alisema. "Lakini naona Bwana amekwisha kujiamrisha mwenyewe. Mara tatu, na kwa mhuri."

Bwana Ludlow akaniuliza kwa Kiingereza mzee amesema nini. Nikamtafsiria. Akaniambia nimtafsirie tena.

Tulipotoka nje, Saidi alikuwa amekwisha kuondoka na spana zake. Jioni ile bomba la Bi Batuli lilitoa maji, na bomba la Ofisi ya Maji likakatwa. Bwana Ludlow alimwita amuulize ni nani aliyemtuma.

"Wewe, Bwana," Saidi alijibu, akampa nakala ya ile amri.

Bwana Ludlow akaandikia Dar es Salaam kuomba waraka ufutwe, na kuomba fedha za kulipa deni la maji pamoja na kodi ya chumba ya tangu Anselm aondoke. Dar es Salaam wakajibu kwamba maombi yamepokelewa na yatazingatiwa baada ya wenye nyumba na wapangaji kushauriwa. Ofisi inayogawa maji mji mzima ikakaa wiki tisa bila tone. Jua la mwezi wa kumi likakausha visima, na choo chetu kikaanza kujulikana mpaka stesheni.

Ndipo nilipotumwa Ng'ambo na madebe mawili. Nilikwenda na tai yangu, kwa kuwa hiyo ilikuwa safari ya kikazi. Bi Batuli alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na bomba, na Josepha alikuwa akisuuza nepi, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hayo madebe ya nani?"

"Ya Ofisi."

"Ofisi ipi?"

"Yetu, ya kule karibu na stesheni."

"Hapana, mwanangu. Ofisi yako ni mpangaji wangu, haijahama. Umeniandikia mwenyewe. Maji ya mpangaji hayatoki nje ya ua. Mwambie Bwana aje anywe chai yake nyumbani kwake."

Nilirudi na madebe matupu nikawasilisha taarifa. Bwana Ludlow aliisoma, akaiweka chini ya kitabu, akavumilia siku mbili.

Siku ya tatu alikwenda mwenyewe kwa Bi Batuli, kofia kichwani, birika mkono mmoja na kikombe mkono wa pili. Kwenye mstari wa bomba kulikuwa na wanawake kumi na mmoja. Alikohoa mara mbili ili wamwone.

Walimwona. Wakasogea mbele hatua moja, ili naye apate pa kusimama kivulini, nyuma yao.