Kombe la Bayolojia

Bimdogo wa Mabawa anaapa wallahi kwamba mpwa wake wa Wete, kule Pemba, alikuwa hajui hata ndara ya kulia na ya kushoto mpaka alipoandikiwa kombe. Aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, kijana akapiga funda, akaingia kwenye mtihani akajibu mpaka maswali ambayo hayakuulizwa. "Leo daktari!" Bimdogo alimalizia, tambuu ikimruka mdomoni.

Massoud, aliyekuwa pembeni, aliiacha kahawa yake. Mtu kama yeye kuacha kahawa ya bure si jambo dogo. Kidato cha nne alipata sifuri safi isiyo na doa, na tangu hapo akaishi kwa ulimi. Siku ile ile alivaa kofia ya viua, akawa mganga wa Kipemba.

Hodi yake ya kwanza ilikuwa kwa Bwana Badr, mwenye fremu za maduka, tajiri ambaye heri ang'olewe jino kuliko kutoa pesa ya twisheni. Binti yake Shaima alikuwa anarudia mtihani. Baba alishasema: akifeli mara hii, habari za chuo cha uuguzi ziishe, akae dukani apime misumari.

"Ntoto kafungwa akili," Massoud alitangaza. "Aya za Mungu siziguzi kwa jambo hili. Namwandikia somo lenyewe, alinywe."

Tumpe haki yake: hata mjanja ana mpaka asiouvuka.

Badr alichangamka. "Akifaulu, fremu moja yako. Lakini Shehe, nasikia kwenu Pemba mganga hapokei kitu mpaka mgonjwa apone?"

Massoud hakuwahi kukanyaga Pemba. Angesemaje? "Ndivyo, bwana. Ndivyo."

Laiti angemtazama binti aliyekaa kwenye jamvi! Mtu akisema "ndivyo" kabla swali halijatua, basi hajui, na Shaima alishaliona hilo.

Kesho yake Massoud aliandika mistari miwili ya Bayolojia, akanyoosha mkono achukue maji ya waridi.

"Shikamoo Shehe," Shaima alisema kwa adabu. "Kwani Pemba kombe halisomwi kwanza kwa sauti, na maana ikaelezwa, ndipo likolee?"

"Ee... ndivyo, mwanangu."

"Na likishaoshwa, mnywaji anaandika tena kwa kichwa, ijulikane kama limeingia?"

"Ndivyo."

"Na likigoma, linaandikwa upya mpaka likubali?"

Massoud aliutazama mlango. Mlangoni alikaa Badr, anavuta tasbihi.

Mganga akapata kazi. Alisoma figo, akasoma moyo na mishipa yake, na kila alipofika nukta Shaima aliuliza "kwa nini?", neno baya kuliko yote kwa mtu anayeishi kwa ulimi. Ikabidi kila jioni apite kwa Edgar, mwalimu wa sayansi, amchokoze kwa ubishi ili apate jibu la kupeleka. Ikaja Kemia, ikafuata Fizikia. Vidole vikawa vya njano. Shaima akamwambia kwamba Pemba huandikwa hata pasti pepa, na mnywaji hulisoma swali mara mbili kabla hajagusa kalamu.

"Ndivyo," alisema, akachovya kalamu tena.

Matokeo yalipotoka, Shaima alikuwa amefaulu, na Bayolojia ndiyo iliyong'ara. Massoud alifika na kofia mpya.

"Nngonjwa kapona, Bwana Badr. Naomba ufunguo wa fremu."

"Mgonjwa mwenyewe kaapa hajanywa hata tone."

"Zafarani hunichafua tumbo, Shehe," Shaima alisema. "Nilikuwa namwagia mlimau uani."

"Sasa umefauluje?" Kipemba chote kilimtoroka.

"Si umenifundisha, mwalimu?"

"Na mimi twisheni silipi," Badr alisema, akijiegemeza kwenye mto. "Mtaa mzima unajua."

Massoud alitoka barazani, Shaima nyuma yake, anamsindikiza kama anavyosindikizwa mgeni wa heshima. Ndipo Massoud akamwona Bimdogo anavuka barabara, na nyuma yake akina mama wa Mabawa, kila mmoja na sahani nyeupe kifuani. Roho ikamrudi.

"Shaima, mwanangu," alinong'ona upesi. "Wakikuuliza, waambie ulikunywa. Neno moja tu. Nakuomba."

Shaima aliuweka mtandio wake vizuri, akawatazama wakikaribia.

"Shikamoo Bimdogo," alisema, kwa adabu ile ile ya siku ya kombe la kwanza.