Muuguzi Bingwa wa Nini?

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo ubaoni! Hospitali itampa muuguzi mmoja likizo ya masomo na kumlipia shahada ya uzamili. Mmoja tu! Akirudi ni muuguzi bingwa: ana chumba chake, anapima, anaandika dawa, jina lake liko mlangoni. Jina langu nimeshaliona pale. Limependeza.

Kikwazo ni Msomi, mwenzangu wa wodi ya upasuaji ya wanaume. Dada huyu husoma hata akisubiri maji yachemke. Usaili ni Alhamisi ya wiki ijayo, na kila mwombaji atataja ubingwa anaoutaka. Mke wangu akaniuliza, nautaka ubingwa wa nini? Nikamwambia hayo ni mambo madogo. Alicheka mpaka akashika meza.

Mpango: nitachagua njia isiyo na watu.

Jumanne, 4 Machi

Usingizi! Ubingwa wa dawa za usingizi. Mgonjwa amelala fofofo, halalamiki, hagombani na mtu. Mtaalamu wa usingizi, mzee mpole mwenye kofia ya maua, akakubali nimtazame kazini. Nikakaa kwenye kigoda pembeni ya mashine. Pi, pi, pi. Taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Sikumbuki zaidi.

Nasikia nilikoroma. Mzee wa watu akasema tangu aanze kazi hajaona mwanafunzi anayemtangulia mgonjwa.

Jioni nikaona nianze na Msomi. Nikamnong'oneza kwamba nimesikia kutoka juu, wanataka watu wa chumba cha mahututi. Uongo mtupu! Hakuna aliyeniambia kitu. Akanishukuru kwa moyo wote, akaenda moja kwa moja kutazama mashine za kupumulia. Mateka wa kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Ukunga wa ngazi ya juu. Kazi ya furaha, kila siku pongezi. Ndivyo nilivyodhani.

Mama mmoja alikuwa katika uchungu mkali. Akaomba cha kushika. Kilichokuwa karibu ni mimi. Kwanza mkono, kisha kola, kisha sikio. Akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema wawili. Akaniambia nikamwombe mke wangu msamaha leo leo. Mtoto akazaliwa salama, wa kike, ana sauti ya mnadi. Nilitokwa na machozi, sijui ni kwa furaha au kwa sikio. Mkunga akanisifu: nimesaidia sana, kitanda hakina vyuma vya kushikia upande ule.

Nimemwomba mke wangu msamaha. Akataka kujua nimevunja nini.

Jumamosi, 8 Machi

Watoto! Nani asiyependwa na watoto? Nilipuliza glavu ikawa puto, nikaichorea macho. Wodi nzima ikanyamaza kunitazama. Nilijiona mfalme. Nikaongeza pumzi kidogo iwe kubwa zaidi. Pa!

Alianza wa kitanda cha dirishani. Wenzake wakapokea. Hata aliyekuwa anaruhusiwa kwenda nyumbani alilia. Muuguzi kiongozi wa watoto alinionyesha mlango kwa kidole.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata! Wazee! Ubingwa wa uuguzi wa wazee. Nimeuliza kila wodi, hakuna aliyeuomba. Nitakuwa peke yangu uwanjani! Tena mzee wa kufanyia mazoezi ninaye nyumbani: mama mkwe, aliyekuja kutusalimia na kukaa.

Nikampima presha asubuhi. Nikampima mchana. Jioni alimwita mke wangu akamwambia, "Mumeo ananitafutia kifo, na kwa bidii hiyo atakipata."

Nikambembeleza mara ya mwisho, alale nimpime, kisha asimame nimpime tena. Kwenye kitabu wamesema hivyo. Aliposimama presha ilianguka, naye akayumba. Nikamdaka. Siku zote anasema ana kizunguzungu, nasi siku zote tunasema ni uzee.

Nikaomba kuona dawa zake. Akamimina mkoba kitandani. Vichupa viwili, majina mawili, dawa ile ile! Kimoja alipewa kliniki ya kule kwa shemeji yangu alikokuwa akiishi, kingine kliniki ya huku kwetu. Anameza vyote, maana yeye si mtu wa kudharau daktari.

Jumanne, 11 Machi

Siku imeharibika. Nilipanga kuandika hotuba ya usaili, badala yake nimeshinda kliniki na mama mkwe. Daktari ameifuta dawa moja. Njiani mama mkwe alinishika mkono, akaniita mwanangu. Hajawahi. Kwa kawaida huniita "huyu".

Lakini hotuba sina!

Alhamisi, 13 Machi

Usaili. Wakubwa watatu na Matroni, mkuu wa wauguzi wote, katikati. Nikaanza kuhubiri mustakabali wa jamii, nikapotea kabla ya kufika kwenye jamii yenyewe. Matroni akanikata: nimweleze mzee mmoja tu niliyewahi kumhudumia.

Nikamsimulia mama mkwe. Kizunguzungu, kulala, kusimama, vichupa. Nikasema kwamba jana alikwenda bombani peke yake, akarudi na ndoo anaimba. Mmoja alivua miwani akaifuta.

Nimewachosha. Nimejimaliza mwenyewe.

Jumatatu, 17 Machi

NIMEPATA!

Mke wangu alipiga vigelegele, mama mkwe akavipokea kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Matroni anasema hospitali imejaa wazee na hakuna anayewasikiliza.

Na Msomi? Hospitali kubwa ya jirani imemchukua na itamsomesha uuguzi wa mahututi. Alipoziona zile mashine hakutaka kitu kingine tena. Amenishukuru mbele ya wodi nzima, akalia begani kwangu. Nami nikalia. Ni wazi kwamba ujanja wangu una nguvu kuliko nilivyodhani. Unafanya kazi hata nisipoulekeza!

Jumatano, 19 Machi

Matroni ameniita kunipongeza. Akaniasa: huko chuoni niende kusoma, njama zangu niziache hapa hapa. Nikamwahidi. Nilikuwa nasema kweli kabisa.

Kisha nikakiona kiti chake. Cha kuzunguka, kina mikono. Nasikia atastaafu baada ya miaka miwili, mwaka ule ule nitakaorudi na shahada yangu. Anayetajwa kukirithi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya wanawake.

Nimekutana naye kwenye ngazi. Kwa wema tu, nikamtonya kwamba wakubwa wamechoka na watu wa maofisini, wanamtaka anayependa kubaki wodini na wagonjwa.

Amenishukuru sana. Maskini, kanasa!