Dakika Kumi za Mzee wa Chupa

Jumatatu, 6 Oktoba

Ni kweli! Barua ya mwalimu mkuu imefika, tena ina muhuri. Jumamosi ni siku ya wazazi shuleni, na mimi, mtunza maabara mstaafu, nimepewa dakika kumi za kuonyesha jaribio mbele ya watu. Miaka ishirini na saba nimeosha chupa za maabara ile. Nimefuta meza, nimewawekea walimu kila kitu tayari, wao wakachanganya na kupigiwa makofi. Mimi sikuruhusiwa kuchanganya hata chai. Shule nzima iliniita Mzee wa Chupa. Jumamosi, mtu mmoja tu akiniita Mwalimu, roho yangu itatulia.

Nimemsomea mke wangu barua mara mbili. Akasema hongera, mume wangu, ila jikoni kwangu usikanyage na madawa yako. Nimeahidi. Sikumkumbusha kwamba nyumba haina chumba kingine chenye bomba.

Jumanne, 7 Oktoba

Jaribio nimeshachagua: nguzo ya povu. Dawa ya kusafishia vidonda, hamira, sabuni ya maji kidogo, na povu linapanda lenyewe kutoka kwenye chupa. Nimeliona mara mia, kila mara nikiwa nimeshika kitambaa cha kufutia. Vipimo hakuna aliyewahi kuniambia. Nikapima kwa macho.

Dawa ya dukani ni hafifu. Nikaenda saluni kuomba ile kali wanayobadilishia rangi ya nywele. Msusi akauliza nataka rangi gani. Nikamjibu ni siri ya kitaalamu. Akatazama upara wangu, akanipa.

Halafu, ili povu lipate nguvu, nikaziba chupa kwa kizibo. Kosa. Kizibo kikapiga dari na povu likafuata. Chupa ilikuwa ya plastiki, nashukuru, ya kioo ingenikatakata. Vidole vitatu vimekuwa vyeupe na vinawasha, ingawa niliviosha robo saa nzima. Kuosha hakunishindi. Kuosha ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kupigiwa makofi kwa kuosha.

Mke wangu aliporudi alitazama dari, akatazama vidole, akauliza kama dari nayo imealikwa siku ya wazazi.

Jumatano, 8 Oktoba

Amekuja mwalimu wa kemia kuniletea ratiba. Kalamu Tatu, ndivyo ninavyomwita, kwa sababu mfukoni hakosi kalamu tatu na zote zinaandika bluu. Kijana wa juzi tu. Mimi ndiye niliyemwonyesha viberiti vinakaa wapi. Ataanza yeye, kisha wanafunzi, mimi mwisho. Akaomba, kwa adabu zote, nikae karibu na sinki mpaka nitakapoitwa, na kama vyombo vichafu vitajaa pale, basi, mzee wangu, kama zamani. Nikajikaza kisabuni.

Nikamkumbusha avae miwani ya kinga. Akacheka. Akasema kutakuwa na mpiga picha, na miwani ile inamfanya aonekane chura.

Alipoondoka nilimwambia mke wangu kijana huyu ana kijicho nami. Akasema kijana ana haraka tu, na mwenye kijicho anamjua, amelala naye miaka thelathini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo nimeogopa. Naandika hivyo hivyo.

Koti langu jeupe la kazi lina madoa ya tangu enzi. Nikaliloweka kwenye beseni lenye dawa ya kung'arisha nguo. Kisha nikanyoosha mkono kwenye rafu kuchukua sabuni ya maji, bila kutazama. Maabarani sikusoma lebo hata siku moja; kila chupa niliijua kwa mahali pake. Kumbe asubuhi mke wangu alifuta rafu, akapanga chupa kwa urefu. Nilichomimina ni dawa ya choo, ile yenye asidi. Hizo mbili hazikutanishwi kamwe. Hilo nalijua kuliko walimu wote waliopita pale.

Hewa ikageuka sumu, koo likakabwa, macho yakatoa machozi. Nikapiga kelele kwamba asiingie mtu. Mke wangu akaingia, akanishika ukosi, akanitoa. Tukakaa kwenye ngazi za nje tukikohoa. Mimi niliacha kukohoa mapema, yeye akaendelea. Nusu saa nzima nilihesabu pumzi zake, na moyo wangu ulikuwa mdogo kama punje. Nikamwambia kama kitu kingempata nisingejisamehe, kwamba sina mwingine. Akasema maneno hayo ameyangoja tangu tuoane, hakujua kwamba yanahitaji sumu ili yatoke.

Jirani yetu, fundi cherehani, alitufungulia madirisha kutoka nje kwa ufito. Hatukuingia mpaka jioni. Koti limetoka na matundu.

Nimeapa. Sichanganyi tena kitu chochote ndani ya nyumba hii.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimechanganyia barazani. Baraza si ndani.

Limekubali! Chupa wazi, bila kizibo, povu limepanda urefu wa mkono, limesimama, likamwagika taratibu. Nilitaka kulia. Mke wangu alikuwa anachungulia dirishani. Alipiga makofi kabla hajakumbuka kwamba amenuna, kisha akafunga dirisha. Baadaye nimekuta koti langu kitandani, matundu yote yametiwa viraka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku yangu imeharibika.

Nilifika mapema. Bomba la shule lina tabia ya kukata maji, kwa hiyo nikajaza ndoo mbili, mazoea tu. Wazazi wakajaa. Mke wangu alikaa mstari wa mbele na kilemba kipya. Mimi nikakaa karibu na sinki, chupa yangu ya povu mapajani, nikijifunza hotuba yangu kimoyomoyo.

Kalamu Tatu akaanza. Miwani hakuvaa. Akasimama kwa ajili ya picha, uso kwa mpiga picha, glasi mbili mikononi, na akakosea mkono. Asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, polepole. Yeye akamimina maji kwenye asidi. Ikachemka hapo hapo, ikamrukia usoni.

Watu wakarudi nyuma na viti vyao. Kalamu Tatu alikuwa anajisugua macho na kuita mama yake. Sikumbuki kuinuka. Nilimshika kisogo nikamsukumiza chini ya bomba, nikamfungua kope kwa vidole. Alinipiga mateke. Mzazi mmoja akaleta kitambaa, nikamwambia aondoke nacho. Mwingine akasema yatosha. Nikasema bado, aite gari la hospitali. Bomba likakata. Nikaendelea na ndoo, kata kwa kata, macho yangu kwenye saa ya ukutani, mpaka gari likafika.

Dakika ishirini na mbili! Zangu kumi zilikuwa humo ndani. Mwalimu mkuu akafunga shughuli. Watu walipiga makofi, nadhani kwa sababu gari lilikuja haraka. Chupa yangu ya povu mtu ameikanyaga.

Mke wangu alinishika mkono njia nzima. Alikuwa analia. Nikamwambia asisikitike, nitaomba siku nyingine.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumekwenda hospitali. Daktari anasema kijana ataona, macho yote mawili. Anasema kama angepakwa kitu, au angeoshwa dakika mbili tatu tu, angekuwa kipofu. Anataka kumjua aliyemwosha. Nikasema ni mimi, niliyekuwa karibu na sinki.

Kalamu Tatu alikuwa amefungwa bandeji. Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaushika muda mrefu, akasema ahsante, Mwalimu.

Nimelifikiria sana. Lakini hakuwa anaona. Huenda alidhani ni mtu mwingine.

Mke wangu akasema mimi ni mjinga wa kutupwa, kisha akanibusu mbele ya wauguzi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Barua nyingine, muhuri ule ule. Mwalimu mkuu anaomba kila muhula niwafundishe wanafunzi na walimu usalama wa maabara: namna ya kuweka madawa na namna ya kuosha macho. Kemia yenyewe hakuitaja popote. Nimesoma mpaka nyuma ya karatasi.

Hata hivyo nimekubali. Mtu hupanda ngazi. Nikiwa nimeshaingia darasani, nani atanizuia?

Nimeanza maandalizi. Kuwaonyesha watu namna ya kuosha jicho ambalo halina kitu ni porojo tupu. Lazima nijue mwenyewe kama robo saa inatosha au inazidi. Nilipanga nijidondoshee siki, tone moja tu, jicho la kushoto, la kulia lisome saa.

Mke wangu ameficha siki. Malimau hajayaona, yako chini ya kofia yangu.